Kota za reli zilizopitiwa na barabara: namna ya kuzirudisha kwenye ramani

Barabara inapopita juu ya kota za reli, yaani nyumba ambazo reli iliwajengea wafanyakazi wake, mpangilio ndio hutoweka wa kwanza. Waliokulia pale wanakumbuka mlango wao, jirani wa kushoto, mwembe wa nyuma ya jiko. Waulize safu ya kwanza ilianzia wapi na ya mwisho iliishia wapi, kila mmoja atanyoosha kidole upande wake. Hawasemi uongo. Ardhi imeinuliwa kwa kifusi, mtaro uliogawa safu umefukiwa, kivuko cha reli kimehamishwa mita kadhaa, na lami inamwelekeza mtu upande ambao zamani hakuna aliyeutazama. Kumbukumbu bado ipo ila haina pa kushikia.

Habari njema ni kwamba kota za reli ni rahisi kuzirudisha kuliko mitaa mingine mingi, kwa sababu hazikujengwa kiholela. Reli ilijenga kwa kanuni: daraja la kazi liliamua ukubwa wa nyumba, zamu iliamua umbali kutoka stesheni au karakana, na bomba la maji liliamua safu zikae wapi. Wakati wa ukoloni rangi ya ngozi nayo iliamua. Nairobi, Wazungu wa reli walikaa kilimani, Wahindi waliwekwa mtaa wao, na Waafrika wakapangwa kwenye landi, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi, kama Muthurwa na Landi Mawe, chumba kimoja kimoja, choo na bomba vya pamoja. Anayetafuta nyumba moja moja atachoka bure. Anayetafuta kanuni iliyozipanga atazipata nyingi kwa mkupuo.

Kwa nini barabara huzifuata kota? Ardhi ya reli ina mwenye mali mmoja, wa umma, ndefu, nyoofu, tambarare, katikati ya mji. Kwa mpangaji wa barabara hiyo ni njia iliyokwisha kusafishwa. Wanaoishi humo ni wapangaji, hivyo mazungumzo ya fidia ya ardhi na jengo yanafanyika baina ya taasisi na taasisi, na familia iliyokaa miaka arobaini mara nyingi haionekani kwenye jedwali. Ndiyo maana nyaraka za tathmini pekee hazitoshi kuandika historia ya mahali hapa, na ndiyo maana kazi hii inastahili kufanywa kwa umakini uleule wa mpima ardhi. Gerezani, Dar es Salaam, kota za reli zilibomolewa kupisha mradi wa mabasi yaendayo haraka. Abiria anayeshuka hapo leo anaweza asijue alipokanyaga.

Anza na picha za juu, kabla ya kumhoji mtu yeyote

Ukianza na mahojiano utapata hadithi nzuri zisizopatana. Anza na picha ili ujue maswali ya kuuliza.

Kama kota zilibomolewa miaka ya 2010 au baadaye, fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta na ubofye alama ya saa. Kwa miji mikubwa utarudi nyuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuona mapaa yenyewe. Hifadhi kila tarehe iliyo wazi, usichague moja. Picha ya kiangazi huonyesha vijia vya miguu baina ya safu, ya masika huvificha kwa majani lakini huonyesha mahali maji yalipotuama, na hapo ndipo palipokuwa na mtaro au bomba.

Kwa kota zilizoondoka mapema zaidi kuna picha za ndege. Nyingi zilipigwa kuanzia miaka ya 1940 kwa ajili ya ramani za idara ya Kiingereza ya upimaji wa makoloni, na mkusanyo wake uko Edinburgh kwenye hifadhi ya kitaifa ya picha za ndege. Kwa hapa kwetu uliza Survey of Kenya, Ruaraka, au idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi Tanzania. Zipo pia picha za setilaiti za kijasusi za Marekani, CORONA, za 1960 hadi 1972, zilizofunguliwa kwa umma 1995; zile zilizokwisha kuskaniwa hupakuliwa bure kwenye tovuti ya shirika la jiolojia la Marekani. Ubora wake hubadilika kutoka chombo kimoja hadi kingine. Nzuri kabisa huonyesha safu ya nyumba, si mlango.

Angalia kipimo cha picha kabla ya kuitegemea. Safu ya vyumba kumi vya futi 10 kwa ndani, yenye kuta 11 za inchi 9, ina urefu wa futi 108 na robo, yaani mita 33. Kwenye picha ya 1:10,000, ambapo milimita moja ni mita 10, hiyo ni milimita 3.3. Safu ya vyumba 12 ingekuwa mita 39.5, milimita 3.95. Tofauti hiyo unaweza kuipima kwa kioo cha kukuza. Kwenye picha ya 1:25,000 tofauti inashuka hadi robo ya milimita, na hapo unabahatisha. Kumbuka pia kuwa unachokiona ni paa, ambalo hupita ukuta kila upande. Futi moja na nusu kila mwisho tayari imekuongezea karibu mita moja. Kabla ya kumwambia mzee kwamba alikosea idadi ya milango, ondoa paa kwanza.

Kuikalisha picha mahali pake

Tumia QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, na zana yake ya Georeferencer. Unabofya alama kwenye picha ya zamani, kisha unabofya alama hiyohiyo kwenye ramani ya leo. Kihesabu, alama tatu zinatosha kwa mageuzo ya kawaida. Kiutendaji tafuta sita hadi kumi, zilizotawanyika pembe zote nne. Kosa la kawaida ni kurundika alama zote kwenye njia ya reli kwa sababu reli ndiyo inayoonekana vizuri. Reli ni mstari mmoja. Picha itakaa sawa juu ya mstari huo na kupinda kote kwingine, na kota ziko kote kwingine. Ongeza kanisa, msikiti, shule, daraja la mto, kona ya jengo la stesheni ambalo halijaguswa. Usitumie mti kama alama kuu, wala ukingo wa barabara, kwani barabara ndiyo iliyobadilika.

Halafu kuna mtego ambao umeharibu ramani nyingi. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa kuratibu mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inatumia mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za ramani ya zamani bila kubadili mfumo, kila kitu kinasogea karibu mita 300, kwa sehemu kubwa kaskazini na kusini. Kota nzima inahamia upande wa pili wa reli na bado inaonekana sahihi kwa macho, maana safu zimekaa vizuri na pembe ni zilezile. Kwenye QGIS, ramani ya zamani ya Nairobi, Mombasa, Morogoro au Dar es Salaam ipe mfumo wenye namba EPSG:21037 (Arc 1960), kisha iache programu iigeuze kwenda EPSG:32737 (WGS 84). Dodoma, Tabora, Mwanza na Kisumu ziko magharibi ya mstari wa nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo ni 21036 na 32736. Ukiona majengo yanayojulikana yamekosana kwa mita mia tatu hivi, usiyasukume kwa mkono; rudi uangalie mfumo.

Namba za reli na namba za barabara

Kwa reli, mahali ni umbali kutoka mwanzo wa njia. Nairobi ilikuwa Maili 327 kutoka Mombasa, takriban kilomita 526, kabla mji haujawa mji. Barua za zamani zitasema kota za genge, kikosi cha kutunza njia, ziko maili fulani, na hiyo ni anwani kamili ukiwa na nguzo za maili. Ukibadilisha kuwa kilomita (zidisha kwa 1.609) hakikisha kwanza kama njia haikunyooshwa baadaye, kwa sababu kila ilipokatwa kona, nguzo zote za mbele yake zilihama.

Barabara nayo ina umbali wake, ambao mafundi huita cheneji. Ikiandikwa 3+450 maana yake ni mita 3,450 kutoka mwanzo wa mradi. Mwanzo wa mradi, si mwanzo wa barabara. Ni lazima upate mchoro wa kwanza kujua sifuri iko wapi. Kushoto na kulia huhesabiwa ukitazama upande ambako namba zinaongezeka. Miradi iliyofadhiliwa na benki za maendeleo huwa na mpango wa kuhamisha watu, na mara nyingi huwekwa hadharani. Ndani yake kuna orodha ya majengo kwa cheneji, aina ya kuta, idadi ya vyumba, wakati mwingine picha. Ni maandishi makavu, lakini jedwali la kurasa kumi linaweza kukupa safu nzima ya nyumba ambayo haimo kwenye ramani yoyote.

Jihadhari na vipimo vya hifadhi ya barabara. Tanzania, Sheria ya Barabara ya 2007 iliipeleka hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za awali. Mtu akikwambia nyumba yake ilipigwa X ya kubomolewa kwa sababu ilikuwa ndani ya mita 30, uliza katikati ipi. Barabara ikipanuliwa upande mmoja, katikati ya leo si ile iliyopimiwa, na ukipima kutoka kwenye ukingo wa kati wa sasa utaiweka nyumba mahali ambapo haikuwahi kuwa.

Karatasi za nyumbani

Usidharau bahasha za chini ya kitanda. Nyumba ya reli ilikwenda na kazi, na kodi ilikatwa kwenye mshahara, kwa hiyo hati za mshahara, barua za kupewa nyumba na orodha za makabidhiano ndizo zenye namba ya nyumba. Barua za posta hazisaidii sana kwa sababu ziliandikwa kwa sanduku. Cheti cha kliniki cha mtoto kinaweza kuwa na namba ya kota. Kesi za wapangaji mahakamani ni hazina nyingine: watu wa Muthurwa walipokwenda Mahakama Kuu kupinga kuondolewa, kesi iliyoamuliwa 2013, maisha ya mtaa yaliandikwa kwa kiapo.

Vifaa vyenyewe vina tarehe. Kiti, birika au sahani yenye herufi KUR ni ya kabla ya 1948, reli ilipokuwa ya Kenya na Uganda. EAR&H, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, ni 1948 hadi 1969. EAR bila bandari ni hadi kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, na baada ya hapo kila nchi na reli yake. Herufi hizo zinakupa tarehe ya mapema kabisa tu. Viti vya reli vilihama na watu kwa vizazi. Hivyohivyo vipande vya reli vilivyosimikwa kuwa nguzo za kamba ya nguo au boriti. Ubavuni vina mwaka na jina la kiwanda, na wengi hudhani ndio mwaka wa nyumba. Ni mwaka wa chuma. Kilitumika njiani kwanza, kikachoka, ndipo kikaja uani.

Mahojiano: karatasi isiyo na barabara

Chapa ramani ya 1:500 kwenye A3. Karatasi moja inachukua mita 210 kwa 148, na chumba cha futi 10 kinatokea milimita 6, panatosha kuandika namba kwa kalamu nyembamba. Weka njia za reli, stesheni, tenki la maji, mto. Barabara mpya usiiweke. Ukiiweka, kila mtu ataanza kupima kutoka kwenye lami na utakuwa umempokonya mwelekeo wake wa zamani. Barabara iwe kwenye karatasi ya kupenyeza mwanga, uifunike juu mwishoni.

Usiulize "nyumba yenu ilikuwa wapi?" Uliza maji yalichotwa wapi. Bomba na choo cha pamoja ndivyo vilivyokutanisha watu kila siku, na vilikuwa vichache, kwa hiyo kumbukumbu za wengi zinaangukia mahali pamoja. Ukishapata bomba mbili, safu zinajipanga zenyewe: milango mingapi hadi bombani, ulipita nyuma ya nyumba ya nani, mlango wenu ulitazama reli au uliipa mgongo.

Wahoji mmojammoja kabla ya kuwakusanya. Kwenye kikundi, aliyekuwa na cheo husikilizwa, na cheo cha kazini si ujuzi wa uani. Dereva na gadi, msimamizi wa treni, wanaijua njia, ishara na zamu. Nusu ya usiku wao ilikuwa safarini. Wanawake waliobaki kotani ndio wanaojua mpaka wa bustani, jiko lililoungua, nani alihamia lini. Waliokuwa watoto wanajua vijia na matundu ya uzio. Na kama yupo aliyewahi kuwa kijana wa kuita zamu, yule aliyepita usiku akigonga milango ya madereva na mafayamani (wachochea moto wa injini), mtafute kabla ya wote. Mzunguko wake ulikuwa orodha ya nyumba kwa mpangilio, na mwili bado unaukumbuka: mwache atembee chumbani akionyesha mkono upande wa kila mlango.

Miaka watu huichanganya, matukio hawayachanganyi. Uliza kabla au baada ya uhuru, kabla au baada ya Jumuiya kuvunjika, kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, kabla au baada ya reli kukodishwa kwa kampuni binafsi, Kenya 2006 na Tanzania 2007. Kwa wazee wa Tanganyika, mgomo mkubwa wa reli wa 1960 ni nguzo imara.

Namba za nyumba zitagombana. Mara nyingi sababu ni kwamba kota zilipewa namba upya zilipobadili mmiliki, na familia mbili zinasema kweli kuhusu nyumba moja katika nyakati mbili. Andika zote na mwaka wake. Kanuni ninayoiamini: wino mweusi kwa kilichothibitishwa na karatasi au picha, wino wa buluu kwa kilichosemwa na watu wawili ambao hawakushauriana, penseli kwa mdomo mmoja. Usifute penseli kwa sababu tu haipatani na wino.

Na useme mapema kabisa, kabla ya kufungua kinasa sauti, kwamba kazi hii haina uhusiano na fidia. Watu waliowahi kuandikwa na kupigwa picha kabla ya bomoabomoa wana haki ya kuogopa karatasi. Usiposema, wengine wataongeza vyumba kwa matumaini na wengine watavificha kwa hofu.

Kando ya lami

Tembea na futi (utepe wa kupimia) ya mita 30 au 50, mtu wa pili wa kushika upande, na vizibao vya kuakisi mwanga, maana kandokando ya barabara kuu si mahali pa kurudi nyuma ukipiga picha. Tafuta miti iliyo kwenye mstari mmoja na yenye umri mmoja. Mstari ule ulikuwa mbele au nyuma ya safu. Tafuta mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli, yaliyogeuzwa uzio, mifuniko ya mashimo ya maji taka, msingi uliokatwa na mtaro mpya, bikoni za mipaka.

Simu kwenye uwazi inakosea kama mita 5. Chumba kina mita 3. Kwa hiyo usipige pointi ya kila mlango, utapata fujo. Piga pointi za miisho ya safu tu, kila moja mara kadhaa kwa nyakati tofauti, kisha katikati yake gawa kwa futi.

Picha za familia zinapimika pia. Kama reli inaonekana nyuma ya harusi, upana baina ya vyuma viwili ni milimita 1,000 kwenye njia za zamani, 1,067 kwenye TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mabati ya kawaida ya mawimbi yana inchi 3, milimita 76, kutoka tuta hadi tuta. Hesabu matuta kwenye ukuta wa bati au ukingo wa paa, zidisha, umepata upana. Kipimo hiki ni halali kwa kitu kilicho umbali uleule kutoka kwenye kamera, si kwa kilicho mbele yake. Skani picha ndogo kwa dpi 600, nyuma na mbele, bila kuibandua kwenye albamu. Usikubali kutumiwa kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ubora. Mwambie aitume kama faili.

Kuhifadhi

Rekodi sauti kwa WAV, si MP3. Saa moja ya 48 kHz, biti 24, kipaza kimoja, ni takriban MB 518, mzigo mdogo kwa diski za leo. Nakala tatu, mahali pawili tofauti, moja iwe mikononi mwa familia au jumuiya ya waliokaa kota hiyo. Jina la faili lianze na tarehe, kisha kota, kisha namba ya mhojiwa badala ya jina lake.

Kwenye ramani ya umma usiunganishe namba ya nyumba na jina la mtu aliye hai bila idhini yake, hata kama kila mtu mtaani anajua. Weka kazi, muongo, bomba walilotumia. Majina kamili yakae kwenye daftari la pili, pamoja na idhini zilizosainiwa au kurekodiwa. Nakala ya ramani yenyewe ipelekwe nyaraka za taifa na, kwa Kenya, makumbusho ya reli ya Nairobi, ikiwa na maelezo ya rangi tatu za wino na tarehe ya kila safu, ili atakayekuja na hati moja ya mshahara aweze kugeuza penseli kuwa wino mweusi bila kuanza upya.